Kiatu cha Kushoto

Kiatu cha kulia kilikuwa kimekwisha tangu Septemba. Kilikuwa cha ngozi ya paa iliyotiwa rangi nyeusi, laini kama sikio la mwanambuzi, kisicho na kisigino. Na juu yake, kuanzia vidoleni hadi karibu na kifundo, palikuwa na ua lenye petali saba na majani manne, lililodariziwa kwa nywele za mnyama. Kiatu cha kushoto kilikuwa bado vipande ndani ya kopo la biskuti: pande lililokatwa kwa ajili ya wayo, uso wa kiatu, ambao ua lake lilikuwa limefika petali ya tatu, na kola mbili za kifundoni, ambazo hazikuwa na kitu. Mwenye viatu alikuwa mama wa miaka themanini na mmoja, aliyeketi mchana kutwa katika kiti cha magurudumu mbele ya dirisha la sebule, huko Woodbury. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani tangu kiharusi kimpate mwezi wa Oktoba. Alitaka jambo moja tu, na alilisema kila siku kwa maneno yaleyale: kiatu cha kushoto kiishe kabla hajahamishwa.

Kuhamishwa kwenyewe kulikuwa kumekwisha kuamuliwa. Binti yake, mwenye nyumba, alikuwa amempatia nafasi katika makao ya wazee upande wa Coon Rapids, kuanzia Jumatatu ya pili ya Aprili. Makao hayo yalileta orodha ya vitu visivyoruhusiwa, na binti akaibandika kwenye mlango wa jokofu: mishumaa, blanketi za umeme, mikasi, sindano za aina yoyote. Maneno “za aina yoyote” yalikuwa yamepigiwa mstari. Sikujua na nani.

Mimi niliingia katika nyumba ile mwezi wa Januari, kwa njia ambayo wengi wetu tuliokuja ughaibuni kusoma huingilia nyumba za namna hiyo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimefundisha chuoni usomaji wa miswada ya tenzi za kale, ile iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha nakala, kuonyesha mwandishi huyu aliruka wapi na yule aliongeza nini. Mkataba ukaisha, na haukuandikwa mwingine. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa yamekwisha pelekwa, na yalikuwa mahali fulani mezani. Niliruhusiwa kufanya kazi, sikuruhusiwa kuondoka. Nikivuka mpaka hata kwa siku moja, maombi yangehesabiwa kuwa nimeyatelekeza. Wakala wa huduma za nyumbani akanipa shifti ya mchana: kumsimamia mama huyo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kumpashia chakula, kumsogeza, kumsemesha. Kumwogesha na kumvisha ilikuwa kazi ya dada mmoja Mkenya aliyetoka nilipoingia.

Mlango wa mbele ulikuwa na kidude cheupe, kidogo kuliko kiberiti, ambacho kilituma mlio kwenye simu ya binti kila mlango ulipofunguliwa, kwa sababu mara mbili tangu augue mama alikuwa amejaribu kutoka na kiti chake kwenye theluji. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa nailoni iliyovutwa kwa joto la kikaushia nywele, ili baridi isipenye. Kwa hiyo tuliutazama mtaa kana kwamba nyumba nzima imetiwa kwenye mfuko. Nyumba za upande wa pili zilikuwa za rangi moja. Hapakupita mtu.

“Huku hata mbwa hutembezwa kwa gari,” alisema mama siku ya kwanza. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya Kifaransa, nacho kilikuwa chepesi na chenye ncha. Kisha akaniuliza kama ninaweza kutoka nje kumtazamia sanduku la barua. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa kanuni za wakala siwezi kuvuka kizingiti nikiwa kazini.

“Kwa hiyo tuko wawili. Mimi nimefungwa na mguu. Wewe umefungwa na nini?”

“Na karatasi, Mama.” Nilimwita hivyo tangu mwanzo, naye hakukataa.

“Karatasi ni mbaya zaidi. Mguu haukudanganyi kwamba utapona mwezi ujao.”

Wiki ya pili aliniamuru nimletee kopo la biskuti. Nikautoa uso wa kiatu cha kushoto, na kabla sijalitazama ua, niliugeuza. Sikufikiri, ndivyo afanyavyo mtu yeyote aliyewahi kushika sindano. Mama alinyoosha kidole cha mkono wake mzima.

“Asiyeshona hutazama mbele. Wewe umetazama nyuma. Nani amekufundisha?”

Nikamwambia. Nilikulia Tanga, na mjomba wangu alikuwa mshonaji wa kofia, zile nyeupe za mkono ambazo maua yake hayachorwi kwa uzi bali hutobolewa: kitambaa hutobolewa tundu ndogondogo, na kila tundu huzungushiwa uzi hadi ukingo wake ukakaza. Nilishona kofia nikiwa shuleni na nikiwa chuoni. Sikuwa fundi, ila mkono wangu haukutetemeka.

“Kofia,” alisema, akilitamka neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. “Basi una bahati mbaya, Profesa. Nimekupata.”

Alikuwa Mwendati, wa kabila la wenyeji waliokuwako kabla ya Wazungu. Kijiji chao kiko karibu na jiji la Quebec, siku mbili za gari kutoka hapa, ng'ambo ya mpaka ambao mimi sikuweza kuuvuka. Wafaransa wa kale waliwaita Wawendati kwa jina jingine, ambalo hakutaka kulitamka. Lugha yao ilinyamaza kabla yeye hajazaliwa, na sasa watoto wa kijijini wanafunzwa upya kwa kutumia makamusi yaliyoachwa na wamisionari. Jambo hilo lilinishika, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lakini nilipotaka kuuliza zaidi, alinikatiza. Hakuniita pale kwa ajili ya makamusi.

Alichotaka nielewe ni hiki. Mama yake alidarizi viatu, mikoba ya mkanda na glavu za ngozi maisha yake yote, na bibi yake vilevile, na kila walichokidarizi kilitoka mlangoni kwenda madukani, kwa wasafiri. Wanawake wa kijiji walijulikana kwa kazi hiyo tangu zamani. Wageni walikuja na treni kuinunua. Lakini nyumbani kwao, wao wenyewe hawakuivaa.

“Mama yangu alizikwa na soksi za duka,” alisema. “Mimi nikaolewa, nikazaa, nikaja huku, nikashona, nikauza. Kila jozi. Mwaka jana nikajiambia: hii hapana. Hii ni ya miguu hii.” Akaitazama miguu yake juu ya vibao vya kiti. “Nimemaliza mmoja.”

Kwa hiyo nikaanza kujifunza. Nywele zenyewe ni za musi, mnyama wa misitu ya kaskazini aliye mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama sinia. Ni singa ngumu, ndefu kuliko kidole cha kati, nyeupe, zenye ncha nyeusi. Ncha hukatwa. Singa hutiwa rangi kwa mafungu, nyekundu, njano na buluu, na nyingine huachwa na weupe wake. Mshonaji huchagua singa tano, akazitia mdomoni hadi zilainike, kisha akazilaza juu ya ngozi kama kamba moja nyembamba na kuzibana kwa uzi unaopita juu yake. Baada ya kila kibano huisokota kamba hiyo nusu mzunguko, ili sehemu iliyo kati ya vibano viwili ivimbe. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ushanga mdogo kuliko mtama. Sindano haitokezi upande wa pili. Huingia katika unene wa ngozi na kutokea upande uleule ilikoingilia.

Hapo ndipo mkono wangu uliponisaliti. Mkono wa kofia hutoboa hadi ng'ambo; kofia hutazamwa pande zote mbili, na uzi usiofika nyuma ni uzi wa uvivu. Mama alinipa kipande cha ngozi chakavu, na kila mchana aliupitisha ule mkono wake mzima chini ya kazi yangu na kuupapasa mgongo wake.

“Ndevu,” alisema.

Nikafumua, nikaanza tena.

“Ndevu bado. Unadhani mguu hauna hisia? Kofia hukaa kichwani, haikanyagwi. Hapa kila uzi unaotokeza utasuguliwa na kidole gumba hadi ukatike.”

Singa zikiwa mdomoni, mtu hawezi kujibu. Alilijua hilo na alilitumia. Alinisimulia majirani, mapadri, marehemu mume wake aliyekuwa akikoroma kwa Kiingereza, nami niliitikia kwa nyusi. “Kimya hicho kinakupendeza, Profesa,” aliniambia. “Wangekupa nywele tangu ukiwa mwanafunzi.”

Siku moja dada Mkenya alirudi saa nne kuchukua chaja aliyoisahau jikoni. Alinikuta nimeinama juu ya ngozi, na rangi ya singa nyekundu ilikuwa imechuja.

“Mwalimu! Na hiyo ni nini kwa mdomo? Umeanza kupaka lipstiki?”

Sikuweza kusema. Mama alicheka hadi kiti kikalia.

“Halafu hiyo sindano haiko kwa mpango wa huduma,” aliendelea dada, sasa kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mwingine aliyejua Kiswahili. “Ukijidunga utaandika nini kwa ripoti? Mimi sijaona kitu, sawa? Mimi nimekujia chaja.”

“Anasema nini?” aliuliza mama.

Nikazitoa singa. “Anasema sijui kazi.”

“Mwambie tumeafikiana.”

Katikati ya Machi aliupapasa mgongo wa kipande changu, akaurudia mara ya pili, wala hakutaja ndevu. Kisha akaufungua mkono wangu na kuweka kiganjani mwangu uso wa kiatu cha kushoto. Nilidarizi petali ya nne kwa siku tano na ya tano kwa siku mbili, maana mkono ulikuwa umezoea. Zilikuwa zimebaki petali mbili, majani manne, kola mbili, na kuunganisha vipande vyote. Niliyagawa masaa kwa siku na nikaona kwamba, bila kupoteza hata mchana mmoja, tutamaliza Ijumaa kabla ya ile Jumatatu. Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa ratiba ya treni.

Sasa nieleze nilichofanya, kwa utaratibu wake.

Ilikuwa Alhamisi, siku kumi na moja kabla ya kuhamishwa. Mama alilala baada ya chakula. Niliviweka mezani kiatu cha kulia na uso wa kiatu cha kushoto, sambamba, ili nipime nafasi ya petali ya sita, na nikaiona petali ya tatu kama nilivyokuwa nikiiona kila siku, ila safari hii sikuiacha. Ilikuwa petali yake, ya mwisho aliyoishona yeye. Fungu lilianza na singa sita, likashuka hadi nne, likarudi tano. Baada ya kibano cha nane msokoto uligeuka ukaenda kinyume. Petali nzima ilikuwa imeelemea ya pili, kama mtu aliyesinzia bega kwa bega na jirani yake. Kwenye kiatu cha kulia petali ya tatu ilikuwa imenyooka. Niliyaandika hayo yote kwenye daftari langu, jinsi nilivyozoea kuandika tofauti za nakala mbili. Kisha nikachukua mkasi mdogo nikaifumua.

Katika taaluma niliyofundishwa, na niliyowafundisha wengine, kosa la mwandishi wa nakala haliguswi. Neno hubaki lilivyo, na sahihisho huenda pambizoni pamoja na sababu zake. Nimewahi kumnyima mwanafunzi alama kwa kulisahau hilo. Lakini mchana ule nilikuwa nimekaa katika mfuko wa nailoni kwa miezi mitatu, nikingoja barua ambayo sikuwa na njia ya kuiharakisha, na mbele yangu palikuwa na kitu kimoja kilichopinda ambacho mikono yangu iliweza kukinyoosha. Kilichofanya kazi ni mkono wa kofia, nao haujui pambizo. Kofia ikikosewa hufumuliwa. Kitambaa hutiwa maji kidogo, husuguliwa kwa ukucha, nyuzi zake hurudiana, na hakuna atakayejua.

Nilitia maji. Nikasugua kwa ukucha.

Ngozi haina nyuzi za kurudiana. Vitundu vya sindano, ambavyo vilikuwa kama nukta za kalamu, vilikunywa maji vikafumbuka, na ule ukucha ukavitanua. Vilijipanga kwa safu mbili zilizokaribiana, thelathini na nane, na nilipoivuta ngozi kidogo kuipima, niliona mwanga wa dirisha ukipita katika baadhi yake. Mahali pale pangeweza kuchanika kama stempu.

Mama aliamka nikiwa bado nimeshika.

“Lete.”

Nilimpa. Hakutazama, alipitisha kidole gumba. Kilikwenda hadi mwisho wa safu, kikarudi.

“Umesahihisha.”

“Ndiyo, Mama.”

“Hukuniuliza.”

“Ulikuwa umelala. Niliona imepinda, nikadhani—”

“Nami niliiona imepinda. Nilikuwa naishona asubuhi ile.” Alikipitisha tena kidole gumba. “Nilidhani ni sindano. Nikabadilisha sindano mara mbili. Bado uzi unakwenda unakotaka. Nikasema, sindano za siku hizi. Kisha nikaanguka, hapo penye miguu yako.”

Niliiondoa miguu yangu pale, bila kutaka.

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliniomba niwashe televisheni. Tulikaa mpaka saa kumi na moja tukitazama watu wakikisia bei za majokofu, na uso wa kiatu ulikaa mapajani mwake juu ya ule mkono uliokufa.

Kila mwisho wa shifti tulitakiwa kuandika taarifa kwenye simu, na taarifa hiyo ilisomwa na wakala, na mhudumu mwenzangu wa nyumba ile, na pia na familia. Niliandika yote: saa, mkasi, maji, ukucha, idadi ya vitundu, na kwamba viatu hivyo alikuwa anajitengenezea mwenyewe na kwamba sasa huenda visikamilike. Sijui kuandika vinginevyo. Kabla sijafika nyumbani Brooklyn Center, simu ilikuwa inalia.

“Mwalimu, umeandika nini huku?” Alikuwa dada. “Si ungeandika tu: amekula, amelala, ameona tivii?”

“Hayo pia nimeyaandika.”

“Eti ‘vitundu thelathini na nane’! Mwalimu, hii si tasnifu, hii ni shifti! Watakutoa. Na wewe na hizo karatasi zako, unataka barua mbaya kwa faili?”

Sikutaka. Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kiatu tu.

Asubuhi nilimkuta binti mezani, hakwenda kazini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye adabu ya haraka, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tumebadilishana salamu na maelezo ya dawa tu. Uso wa kiatu ulikuwa mbele yake, na simu yake ilikuwa wazi kwenye taarifa yangu.

“Umeandika ‘anajitengenezea mwenyewe’. Nani amekuambia?”

“Yeye.”

“Mimi hajaniambia. Mimi nilidhani ni oda ya mtu. Siku zote ni oda ya mtu.”

Akamgeukia mama yake, wakasemezana kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa nakisoma kwa kamusi, sikisikii. Niliona tu kwamba mama alijibu kwa maneno machache, na kwamba kila jibu lilimfanya binti aulize tena swali lilelile. Mwishowe binti aliuchukua uso wa kiatu, akaugeuza nyuma.

Mama alinitazama. Nami nikaelewa.

“Nilikaa dirishani kwa duka moja kijijini miaka sita,” alisema binti bila kuinua macho, sasa kwa Kiingereza, kwa ajili yangu. “Tangu nikiwa na miaka kumi. Na gauni la kienyeji, na manyoya kichwani ambayo si hata ya kwetu. Mabasi yanakuja, watu wanagonga kioo ili niinue uso wapige picha. Nilipoondoka nilisema sitashika tena sindano.” Akaangalia orodha kwenye jokofu, kisha saa ya ukutani. “Gundi iko wapi?”

Alikata ukanda mwembamba kutoka kwenye ukingo wa kola moja, akauparua kwa kisu hadi ukawa kama karatasi, akaugandisha nyuma ya vitundu vyangu na kuukandamiza chini ya kamusi iliyokuwa mkobani mwangu kwa saa nzima. Kisha akachagua singa, akazikata ncha, akazitia mdomoni. Hapo mama yake akapata fursa ambayo nadhani aliingoja miaka arobaini.

“Kaa wima. Hujakaa dirishani sasa, hakuna anayekutazama. Na usibane hivyo, unafunga kuku? Mwangalie Profesa, yeye ni mshona kofia, lakini vibano vyake vina nafasi sawa. Uliniambia umesahau. Mkono haujasahau, mdomo ndio uliosema.”

Binti aliguna, singa zikiwa mdomoni. Baadaye alizitoa na kuniuliza petali ile ilikuwaje. Nilifungua daftari langu nikamsomea: sita, nne, tano, msokoto wa kinyume baada ya kibano cha nane, imeelemea ya pili. Nakiri nilisoma kwa matumaini. Nilidhani nimepata njia ya kurudisha nilichokiondoa, kwa kuwa kila kasoro ya mkono ule nilikuwa nimeihifadhi kwa maandishi. Binti akahesabu singa sita.

Mama aligonga meza kwa mkono wa kushoto.

“Mnafanya nini?”

“Tunairudisha ilivyokuwa,” alisema binti.

“Nani anataka ilivyokuwa? Mnataka nivae kiharusi mguuni? Ilikuwa mbaya. Niliiacha kwa sababu sikuwa na mkono, si kwa sababu niliipenda. Nyoosha!” Kisha akanielekea mimi. “Ulikuwa sahihi, Profesa. Ungeniuliza, ningekuambia ukate uzi na uache vitundu vikae vikavu. Maji! Nani hutia ngozi maji?”

Basi binti aliinyoosha. Petali mpya ilipita palipostahili, na kwa kuwa ilinyooka, haikufunika safu ya vitundu vya ile iliyopinda. Vingine vilibaki nje yake, upande wa petali ya pili, vidogo na wazi, kama nyayo za ndege asiyeonekana. Hapakuwa na la kufanya. Mama alivigusa, akasema viachwe.

Nilikuwa na mchana ule mmoja tu. Jumatatu wakala alinipigia simu kwa upole mkubwa: nimeondolewa katika nyumba ile, sikufukuzwa, lakini barua imewekwa katika faili langu, nimepangiwa nyumba nyingine, na kwa mujibu wa kanuni nisiwasiliane na mteja wa zamani wala familia yake. Nikauliza kama barua hiyo inaweza kusomwa na ofisi nyingine yoyote. Msemaji akasema hilo hawezi kulijibu. Nimejaribu mara nyingi kulichambua jibu hilo, na kila nikilichambua linabaki na maana mbili.

Nyumba niliyopewa iko hapahapa Brooklyn Center. Mzee ninayemsimamia hulala karibu kutwa nzima. Nakaa karibu yake na mikono yangu magotini. Barua ninayoingoja haijaja.

Mwezi wa Mei nilikutana na dada Mkenya nje ya duka la Waafrika, amebeba unga na mafungu mawili ya sukumawiki. Siku hizi huongeza shifti katika yale makao ya Coon Rapids, na kabla sijauliza alikwisha jua swali.

“Viliisha, Mwalimu. Yule binti alikuwa anashona mpaka Jumapili. Kola moja haina maua, lakini viliisha.”

“Anavivaa?”

“Kutembea hawamruhusu navyo. Chini ni ngozi tupu, atateleza, na wao wanaogopa kushtakiwa. Kwa sakafu ni zile soksi za mpira tu.”

“Kwa hiyo viko kabatini.”

“Zii! Unamjua, atakubali?” Alihamisha mfuko wa unga mkono mwingine. “Anavaa kitandani. Tukishamlaza tunamvisha, cha kulia kwanza, halafu cha kushoto. Asubuhi kabla hajashuka tunamvua. Hata chini havijachafuka, vinakaa vipya.”

Nikamuuliza kama vile vitundu vinaonekana sana.

“Vitundu gani?” alisema. “Blanketi iko juu, Mwalimu.”